Kuikuza Nafsi na Kuizika: Uwezo wa Mtu na Maisha Mema

  

Somo hili linahusu jambo ambalo familia nyingi zinazoishi katika nchi za Ghuba hulizungumza majumbani mwao, ijapokuwa hazilitaji kwa jina lake. Baba husema kwamba watoto wake hawana walichokosa. Mama husema kwamba nyumba ipo, gari zipo, na maradhi yakija hospitali haiko mbali. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo kijana aliyemaliza masomo ambaye hulala mpaka adhuhuri, yumo binti aliyekuwa wa mwanzo darasani na leo cheti chake kimefungiwa kabatini, na yumo mzee aliyekuwa fundi wa kutajika na sasa hapana anayemuuliza neno. Hawa hawana njaa wala hawana deni. Walicho nacho ni uzito wa moyo usiokuwa na jina, na kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa hana shukurani.

Inafaa basi kuuliza: vipi maisha yaliyojaa kila kitu yakakosa ladha? Na je, sheria imelisemea jambo hili, au imeliachia waganga na washauri?

MAISHA MEMA NI YEPI?

Mwenyezi Mungu Mtukufu katika Sura ya An-Nahl, aya ya 97, amewaahidi maisha mema wale wanaotenda mema hali ya kuwa ni waumini, wawe wanaume au wanawake. Wafasiri wamekhitalifiana katika kuyaeleza maisha hayo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba makusudio yake ni riziki ya halali. Imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib kwamba ni kukinai. Wako waliosema kuwa ni utamu wa ibada anaouona mja moyoni mwake, na wengine, akiwemo Al-Hasan Al-Basri, wakasema kwamba maisha hayawi mema kwa yeyote ila huko Peponi.

Mwenye kuzizingatia kauli hizi ataona kwamba hapana hata mmoja miongoni mwao aliyesema kuwa maisha mema ni wingi wa mali. Na si kwamba hawakuijua mali. Al-Hasan aliishi Basra katika zama ambazo bandari na masoko ya mji huo yalijaa bidhaa za nchi nyingi, na aliwaona matajiri wake kwa macho yake. Kisha ataona jambo jengine lililo zito zaidi: ahadi ya aya imefungamanishwa na kutenda, wala haikufungamanishwa na kupata. Na katika madhehebu ya Ahlul Haqqi wal Istiqama jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa imani kwao ni kauli na amali kwa pamoja. Mwenye kauli bila ya amali hakukamilisha kitu.

Basi ikiwa maisha mema yanafuata amali, na amali haitoki ila kwenye uwezo, itajulikana kwamba mtu aliyeuacha uwezo wake bila ya kuutumia amejikatia mwenyewe njia ya maisha mema, hata kama anakula akashiba na kulala katika chumba chenye baridi.

Katika Hadithi mashuhuri Mtume (S.A.W.) ametaja afya na wakati wa nafasi kuwa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Neno lililotumika hapo kwa mwenye hasara ni "maghbun", nalo ni neno la sokoni. Mafakihi hulitumia kwa mtu aliyeuza kitu chake kwa bei iliyo chini mno ya thamani yake, kama aliyeuza shamba la mitende kwa bei ya kapu moja la tende. Mtu huyo hakuibiwa. Aliuza kwa mkono wake, akapokea malipo, akaondoka akidhani amefanya biashara. Ndivyo alivyo mwenye afya na nafasi anayezibadilisha siku zake kwa mazungumzo ya simu ya mkononi na vikao visivyokwisha.

Watu wa Oman wanao mfano wa karibu zaidi, nao ni falaji. Maji ya falaji hugaiwa kwa zamu, na zamu hupimwa kwa athari, ambayo ni kadiri ya nusu saa. Zamu ya mtu inapofika humpasa awe tayari kuufungua mfereji wake. Asipoufungua, maji hayamsubiri. Hupita yakaenda zake, na mitende yake ikabaki na kiu, ijapokuwa hati ya kumiliki maji hayo imo sandukuni mwake. Na akenda kushitaki, hapana kadhi atakayemhukumia fidia, kwa sababu hapana aliyemzuia.

MAANA YA KUIZIKA NAFSI

Katika Sura ya Ash-Shams, baada ya mfululizo mrefu wa viapo, Mwenyezi Mungu ametaja watu wawili: aliyeitakasa nafsi yake akafaulu, na aliyeifanyia kinyume chake akapita patupu. Wengi wanaisoma sura hii katika Sala tangu utotoni bila ya kusimama kwenye maneno yake mawili.

Neno la kwanza, lenye asili moja na neno Zaka, katika lugha ya Kiarabu lina maana ya usafi na pia lina maana ya kukua. Mmea ukistawi husemwa neno hilo hilo. Kwa hiyo kuitakasa nafsi si kuiosha tu, bali ni kuikuza pia. Ama neno la pili, "dassaha", wanavyuoni wa lugha wamesema asili yake ni "dassasa", nalo ni kukitia kitu ndani ya kitu chengine kikafichika, kama kukifukia udongoni. Na asili hiyo hiyo imekuja katika Sura ya An-Nahl, aya ya 59, inapotajwa hali ya Mwarabu wa Jahiliya aliyepewa khabari ya kuzaliwa mtoto wa kike, akawa anawaza: amweke pamoja na fedheha, au amfukie mchangani?

Katika Qur'ani, basi, aliyeidhulumu nafsi yake na aliyemzika binti yake ametajwa kila mmoja kwa neno lililotoka katika shina moja. Na ufanano wao haukuishia kwenye lugha. Waarabu wale waliwazika mabinti zao kwa kuogopa mambo mawili, umasikini na aibu, na mpaka leo vipawa vingi vinazikwa kwa kuogopewa hayo hayo mawili. Mtoto mwenye mikono mizuri ya useremala huambiwa kwamba kazi hiyo haina pesa. Hilo ni khofu ya umasikini. Akikazana huambiwa kwamba watu watasema nini wakimuona mtoto wa fulani bin fulani ameshika randa na msumeno. Na hilo ni khofu ya aibu. Ilhali Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, Nabii Daud (A.S.) alifua deraya za chuma na akala kwa kazi ya mikono yake, na Nabii Nuh (A.S.) aliunda jahazi watu wakimcheka. Anayeidharau kazi ya mikono na ajiulize anamdharau nani.

KILA MMOJA NA ALICHOSAHILISHIWA

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kutenda na kudura, alifahamisha kwamba kila mmoja husahilishiwa lile aliloumbiwa. Malezi yake kwa Sahaba zake yalikwenda juu ya msingi huo, wala hakuwapitisha wote katika kalibu moja.

Zayd bin Thabit alikuwa kijana mdogo wa Madina. Alitaka kutoka kwenda Badr, akarejeshwa kwa udogo wake. Mlango mmoja ulifungwa, na mwengine ukafunguliwa: Mtume (S.A.W.) aliiona akili yake katika kuhifadhi na kuandika, akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na amwandikie barua zao. Imepokewa kuwa alijifunza kwa kadiri ya nusu ya mwezi. Huyo ndiye ambaye Abu Bakr (R.A.) alikuja kumkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani, na ndiye aliyekuwa marejeo ya watu katika elimu ya mirathi. Lau angelishikilia kuwa heshima iko kwenye upanga peke yake, umma ungelikosa mengi.

Abdullah bin Umm Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa. Mtume (S.A.W.) hakumweka pembeni kwa kumhurumia. Alimfanya muadhini pamoja na Bilal, na katika Ramadhani watu waliendelea kula mpaka waisikie adhana yake. Zaidi ya mara moja Mtume (S.A.W.) alipotoka safarini alimwacha Madina kuwa naibu wake. Huruma ya kweli kwa mwenye upungufu ni kumpa kazi anayoiweza, na wanaomfungia mtoto wao kiziwi au kipofu chumbani kwa jina la mapenzi wanapaswa kukizingatia kisa hiki.

Abu Dharr naye, kwa daraja yake yote ya ukweli na zuhudi, aliomba apewe uongozi. Mtume (S.A.W.) alimgusa begani kwa mkono wake, akamfahamisha kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba uongozi ni amana. Hapa iko nusu ya somo ambayo wengi huisahau. Kuujua uwezo ni pamoja na kuujua mpaka wake, na si kila cheo kinachotamaniwa ni kipawa.

FARDHI YA KUTOSHELEZA

Mafakihi wanagawa wajibu mafungu mawili: fardhi ya kila mtu, kama Sala, na fardhi ya kutosheleza, ambayo wakiisimamia wengine humwondokea aliyebaki, kama kuosha maiti, uganga, ukadhi na kilimo. Watu wengi huifahamu fardhi hii ya pili kama ni ruhusa ya kukaa: maadamu fulani anafanya, basi mimi nimepona.

Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), amelifafanua jambo hili katika kitabu chake Al-Muwafaqat kwa njia inayowagusa wazee moja kwa moja. Kwa mujibu wake, mwenye uwezo wa jambo anatakiwa alisimamie, na asiyekuwa na uwezo hakusamehewa, bali anatakiwa amsukume mbele na amsaidie yule aliye nao. Akaeleza pia kwamba wanafunzi hulelewa pamoja katika mambo ya mwanzo, kisha kila mmoja huelekezwa kule maumbile yake yanakoelekea, akasaidiwa mpaka afike mwisho wa nguvu zake. Atakayesimama njiani amesimama mahali ambapo umma unamhitaji, na mwenye nguvu ataendelea. Kabla yake Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilalamika kwamba watu walisongamana katika mijadala ya fikihi iliyowapa vyeo, na miji ikabaki bila ya tabibu Muislamu.

Kwa kauli hii baba asiyejua hisabu ana fungu lake katika hisabu ya mwanawe. Mume asiyekuwa na elimu ana fungu lake katika elimu ya mkewe. Na jirani tajiri ana fungu katika kijana wa jirani aliyekosa ada ya chuo.

Familia zilizorejea Oman kutoka Zanzibar, Bara na kwengineko zinalijua jambo hili kwa historia yao wenyewe. Mpaka mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za utaratibu wa kisasa, zenye wanafunzi kiasi cha mia tisa, wote wavulana. Marehemu Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, wengi waliorudi hawakuwa na mali; wengine waliacha nyumba na mashamba nyuma yao. Walichokuja nacho ni walichokuwa nacho vichwani na mikononi: huyu mwalimu, huyu muuguzi, huyu karani, huyu fundi wa mitambo, na miongoni mwao wanawake si haba. Wazazi waliowasomesha huko Unguja, Pemba au Mombasa hawakujua kwamba wanaisomeshea nchi nyengine. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, kikiwa na vijana wa kiume na wa kike, njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa na watu hao. Ni vibaya kwamba wajukuu wa watu hao hao wawe ndio wanaosema hakuna haja ya kujisumbua.

JARIBIO LA MAYATIMA

Wako watakaosema: mzazi atajuaje uwezo wa mwanawe? Jawabu imo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, ambapo mawasii wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikapo umri wa kuoa, na wakiwaona na muongozo wa akili wawakabidhi mali yao. Ijapokuwa aya imekuja kwa mayatima na mali, njia yake inamfaa kila mlezi.

Mafakihi wameieleza namna ya jaribio hilo kwa uangalifu mkubwa. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua. Hupewa fedha kidogo akaenda sokoni, akatazamwa kama atapunjwa. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa shamba na vibarua wake. Msichana, katika zama zao, alijaribiwa kwa kusokota uzi na kuendesha mambo ya nyumba. Na wamesema jaribio moja halitoshi, bali lirejewe mpaka dhana iwe na nguvu.

Katika maelezo haya mna hekima ambayo skuli nyingi hazinayo. Kwanza mtoto hupewa kitu cha kweli mkononi, si mtihani wa karatasi. Huachiwa akosee kwa kiasi ambacho kosa lake halitamwangamiza. Kisha anayepima ni mlezi anayemtazama kwa utulivu, siku baada ya siku. Mzazi ambaye hajapata kumpa mwanawe reali kumi ayafanyie hisabu mahitaji ya nyumba ya wiki moja, ambaye hajamwachia akarabati mlango au akamhudumia mgonjwa, huyo hana haki ya kusema mwanangu hawezi kitu. Hajamjaribu. Na katika nyumba za Ghuba, ambamo mtumishi hufanya kila kitu hata kuokota viatu, mtoto anaweza kufika umri wa kuoa bila ya kupita katika jaribio hata moja.

MSUKA VIKAPU NA KIPOFU

Isije ikafahamika kuwa kuutimiza uwezo kunahitaji nafasi pana na mali. Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, maula wa Bani Tamim, alikuwa msuka vikapu Basra. Alifungwa na Al-Hajjaj, akatoka gerezani baada ya kufa kwake mwaka 95 Hijria. Baada ya hapo alisomesha katika chumba cha chini ya ardhi. Vitabu vya sira vinaeleza kuwa mlangoni palikuwa na mnyororo. Akitokea mtu asiyejulikana mnyororo hutikiswa, darsa ikanyamaza, na mikono ikarudi kwenye kusuka.

Kutoka katika pango hilo walitoka wachukuzi wa elimu. Wanne waliotoka Maghribi, na wa tano Abul Khattab Al-Ma'afiri aliyetoka Yemen, walikaa kwa Abu Ubayda miaka mitano. Hakuwafanya nakala za nafsi yake. Abul Khattab alimwona kuwa ni mtu wa uimamu, akawaelekeza wenzake wamteue ikiwa watapata nguvu, na mwaka 140 Hijria akabaiwa katika nchi ya Tripoli. Ismail bin Darrar Al-Ghadamsi, wakati wa kuagana, mguu mmoja ukiwa safarini, alimuuliza mwalimu wake masuala mia tatu ya hukumu, na Abu Ubayda akatambua kutokana na maswali yenyewe kwamba huyu anakwenda kuwa kadhi. Na kadhi ndivyo alivyokuwa. Abdul Rahman bin Rustam alisimamisha baadaye dola ya Tahert katika nchi inayoitwa leo Algeria. Yote hayo yalipimwa na mtu aliyekuwa akiuza vikapu. Maisha yake yalikuwa na khofu na dhiki. Ni nani atakayesema hayakuwa mema?

Karibu zaidi na zama zetu ni Sheikh Nuruddin Abdullah bin Humaid Al-Salimi. Alipotea macho akiwa mtoto wa kiasi cha miaka kumi na miwili. Kwa desturi za wakati huo kipofu alitarajiwa ahifadhi Qur'ani, asomee maiti na alishwe na watu. Yeye alikwenda Rustaq kutafuta elimu, kisha akahamia Sharqiya, akasomesha na akatunga kwa kuwaamlia waandishi. Alipofariki mwaka 1332 Hijria (1914) alikuwa ameacha tarikhi ya Oman katika Tuhfatul A'yan, fikihi ya mashairi katika Jawharu Nidham, usuli katika Tal'atu Shams, na kwa ajili ya watoto Talqinu Sibyan, kitabu ambacho wasomaji wengi wa kurasa hizi wamekisoma wakiwa chuoni. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo hakuona unyonge kuwaandikia watoto wadogo namna ya kutawadha.

Na huko Unguja Sheikh Nasir bin Salim Al-Rawahi, Abu Muslim, pamoja na shughuli zake za ukadhi na gazeti la Al-Najah lililoanza mwaka 1911, alianza kuisherehesha Jawharu Nidham. Alifariki mwaka 1920 kabla ya kuimaliza. Kazi yake haikuhisabiwa kuwa ni upungufu. Mja hatakiwi amalize kila alichokianza. Hutakiwa akutwe na mauti akiwa ndani yake.

TAHADHARI

Siku hizi yako maneno mengi ya kumhimiza mtu ajitimize, afuate moyo wake, asizuiwe na yeyote. Baadhi yake yanafanana na yaliyotangulia, lakini mizizi ni mbali mbali. Wenye kauli hizo wanauhisabu uwezo kuwa ni mali ya mtu. Akitaka atautumia kwa kujipamba na akitaka atauacha. Katika sheria uwezo ni amana, na mwenye amana hulipa haki za watu kabla ya kustarehe kwayo. Hajitimizi mtu kwa kuwatupa wazee wake, wala kwa kumwacha mtoto mchanga bila ya malezi. Na ajuaye kuimba uovu kwa sauti nzuri hana kipawa cha kukikuza katika uovu huo, bali ana sauti ya kuitafutia njia ya halali.

Tena uwezo haupimwi kwa jirani. Sura ya Al-Baqara imemalizika kwa kubainisha kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya wasaa wake, na wasaa ni wa kila nafsi peke yake. Mama anayemhudumia mtoto asiyeweza kunyanyuka kitandani, usiku na mchana, miaka kumi, huenda hana cheti wala mshahara, naye ameufikia mwisho wa wasaa wake kuliko mkurugenzi aliyetumia robo ya akili yake.

MASUALA

Suala: Baba anamtaka mwanawe asomee udaktari. Kijana ni dhaifu katika masomo hayo, lakini ana mkono wa kutengeneza mitambo. Je, akisomea ufundi atakuwa amemuasi baba yake?

Jawabu: Utiifu kwa wazazi ni wajibu katika mema, na mtoto anatakiwa amsikilize baba yake kwa adabu, asimkatishe maneno wala asimdanganye. Lakini kumlazimisha mtu elimu asiyoiweza ni kumkalifisha juu ya wasaa wake, na daktari dhaifu ni dhara kwa watu. Tabibu asiyejua akiharibu hudhaminishwa. Wafanye kama lilivyo jaribio la mayatima: apewe muda unaojulikana na atazamwe na watu wenye ujuzi wa kazi zote mbili. Wakishuhudia kuwa anafaa kwa ufundi, baba aifuate haki wala asiogope maneno ya barazani.

Suala: Mwanamke amesomea ualimu, na kabla ya ndoa mume aliridhia kwamba atasomesha. Baada ya kuzaa mtoto wa kwanza mume anamkataza kabisa.

Jawabu: Ikiwa ni sharti lililowekwa katika ndoa, Mtume (S.A.W.) ameyatia mkazo masharti ya ndoa kuliko masharti mengine katika kutimizwa, na mume na amche Mwenyezi Mungu. Ikiwa yalikuwa ni maneno tu bila ya sharti, basi washauriane. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaka kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Itakuwaje basi katika jambo linalogusa maisha yao ya miaka thelathini? Mume asiseme kwamba mwenye kukaa nyumbani ndiye mwema peke yake, na mke asidhani kwamba mwenye kulea ameizika nafsi yake. Miaka miwili ya malezi si miaka ya kupotea. Anaweza katika muda huo kusomesha watoto wa jamaa masaa machache nyumbani, asisahau alichokijua, kisha arudi kazini katika stara na wakati unaowafaa wote. Ama kumkataza kwa sababu mshahara wake ni mkubwa kuliko wa mume, hiyo si hoja ya sheria.

Suala: Mzee alikuwa fundi cherehani Unguja miaka arubaini. Sasa yuko Muscat kwa mwanawe, macho yamepungua, anasema hana faida tena na anaomba mauti.

Jawabu: Kuomba mauti kwa dhiki iliyomfika mtu kumekatazwa. Na ajue kwamba imethibiti katika Hadithi kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda katika uzima na ukaazi wake. Kwa hiyo daftari lake halikufungwa. Lakini makosa hapa si yake peke yake, kwani watu wa nyumba wamemheshimu mpaka wakamnyima kazi. Kanzu na kofia za wajukuu anaweza kuwaelekeza namna ya kuzikata hata kama hatumi sindano mwenyewe. Zaidi ya hayo, mzee kama huyo anaijua nasaba. Anajua nani ndugu wa nani kwa baba na nani kwa mama, nani alimwacha mke Pemba, nyumba ipi ilikuwa waqfu na ipi iliuzwa. Kesi ngapi za mirathi zimekwama kwa kukosekana shahidi wa namna hiyo, na wenye haki wakaondoka mikono mitupu. Basi mjukuu mmoja anayejua kuandika vizuri akae naye kila Ijumaa baada ya Alasiri na daftari, aanze na majina ya watoto wa babu yake wa tatu, wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa, na mahali alipozikwa kila mmoja.